Kustaafisha jezi: kwa nini fainali moja haitoshi

Upande wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuna fundi anayebandika namba kwenye jezi za timu za mtaa. Vifaa vyake ni mkasi, pasi ya makaa na rundo la vitambaa vyeupe. Huikata namba kwa mkono bila kupima, huitandaza mgongoni mwa jezi, huifunika kwa gazeti, kisha huikandamiza kwa pasi huku midomo ikicheza, anahesabu kimoyomoyo. Jumamosi moja nilimkuta na jezi kumi na tano nyeusi za watoto. Nahodha wao, kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, alikuwa akimsomea orodha kutoka kwenye daftari la shule. Orodha ilianzia 2 ikaishia 16.

"Na 1?" fundi akauliza.

"Kocha amekataa, papa. Amesema numero 1 ni ya Kidiaba, haivaliwi tena. Kipa wetu atavaa 16."

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja akingoja suruali yake ipunguzwe, shabiki wa Lupopo, timu pinzani ya TP Mazembe hapa mjini, kofia ya njano na buluu kichwani. Akainua macho. "Kidiaba si yuko hai? Mbona mnamzikia namba yake?"

Suruali iliisha, mzee hakuondoka. Waliopita barabarani waliingia kwenye ubishi mmoja mmoja, na kwa karibu saa nzima pasi ile ilipoa bila kuguswa. Huyu alitaka 1 ya Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe wa miaka ile, ipumzishwe, yule alitaka 8 ya Trésor Mputu, mwenzake wa klabu hiyo, na kila mmoja alileta fainali kama shahidi wake: 2009, 2010, 2015. Mwingine akarudi hadi 1967, ingawa kwa umri wake asingeweza kuwa alikuwepo. Nilichoona ni kwamba tulikuwa tukibishana mambo kadhaa kwa wakati mmoja, na kila jambo lina historia yake. Niliporudi nyumbani nikaanza kuyatenganisha.

Tuanze na namba yenyewe. Haikuwekwa mgongoni kwa ajili ya heshima. Iliwekwa ili mtu atambulike. Waingereza waliijaribu tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal na Chelsea siku moja katika mechi zao za ligi. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1933 Everton walivaa 1 hadi 11 na Manchester City 12 hadi 22, kwa hiyo hapakuwa na namba iliyojirudia uwanjani. Mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikazifanya kuwa lazima. Ni mwaka uleule ambapo watawa Wabenedikto wa mji huu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, walianzisha timu ambayo leo ni TP Mazembe.

Sisi Wakongo tunaijua vizuri hasara ya mtu kutotambulika uwanjani. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa ikicheza na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia. Mabao yalikuwa yakiingia, hasira zikapanda, na mwamuzi Omar Delgado wa Colombia akapigwa teke na mchezaji wetu. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, beki namba 2, mchezaji wa Mazembe. Aliyeonyeshwa kadi nyekundu ni Ndaye Mulamba, namba 13. Mechi ilikuwa haijafika hata nusu saa. Ndaye akatoka, Zaire ikafungwa 9-0, na mechi iliyofuata dhidi ya Brazil hakucheza.

Ndaye huyo, miezi mitatu tu nyuma, ndiye aliyefunga mabao yote manne ya Zaire katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo. Mechi ya kwanza na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0. Mabao mawili yake siku ya kwanza, mawili yake siku ya pili. Katika mashindano yale alifunga jumla ya mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyemfikia katika mashindano mamoja. Mtu wa namna hiyo alikuwa na 13 kubwa mgongoni, na bado mwamuzi akamchanganya na mwenye 2. Siku hizi kumwadhibu mtu asiyehusika ni moja ya mambo machache ambayo VAR, waamuzi wa video, inaruhusiwa kuyarekebisha. Kila ninapousikia utaratibu huo ukielezwa namkumbuka Ndaye.

Kwa miaka mingi namba ilikuwa ya nafasi, haikuwa ya mtu. Aliyeanza beki wa kulia alivaa 2, aliyesimama mbele katikati alivaa 9, na wiki inayofuata akiumia, aliyeshika mahali pake alivaa namba ileile. Ilikuwa kama kiti cha dereva: anayekikalia ndiye dereva. Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi lilimpa kila mchezaji namba yake ya mashindano mazima. Klabu zilichelewa sana. Uingereza namba za kudumu zenye jina juu yake zilianza kwenye Premier League mwaka 1993, Italia mwaka 1995. Hapo ndipo mchezaji alipoweza kukaa na namba moja miaka kumi, watoto wakaipaka kwa rangi kwenye fulana zao, wauza jezi wakaanza kuuza jina na namba pamoja. Na hapo ndipo wazo la kuistaafisha linapata maana, kwa sababu huwezi kustaafisha kiti cha dereva, gari halitaondoka.

Mfano wa Napoli unalionyesha hilo vizuri. Maradona aliondoka Napoli mwaka 1991. Watu wengi wanadhani siku ileile jezi namba 10 ilifungiwa kabatini. Haikufungiwa. Gianfranco Zola aliivaa, na wengine baada yake, kwa kuwa wakati huo 10 ilikuwa bado kazi ya uwanjani. Klabu iliistaafisha mwaka 2000. Halafu mwaka 2004 Napoli ikafilisika, ikaanza upya Serie C1, daraja la tatu la Italia, ambako sheria ilitaka wanaoanza wavae 1 hadi 11. Namba 10 ikarudi uwanjani kwa misimu miwili, ikapumzika tena timu ilipopanda. Heshima kubwa kama hiyo ililala chini ya kifungu kidogo cha kanuni za ligi.

Huu ndio upande ambao kwenye ubishi wetu hakuna aliyeutaja: nani ana mamlaka. Klabu inaweza kustaafisha namba pale tu kanuni za mashindano zinapoiachia nafasi. Hispania haiachi. Kule wachezaji wa kikosi cha kwanza wanavaa 1 hadi 25, basi, kwa hiyo Barcelona isingeweza kuificha 10 ya Messi hata kama ingetaka. Sevilla walimpoteza Antonio Puerta mwaka 2007, wakataka 16 yake isivaliwe tena, wakakutana na ukuta huohuo.

Timu ya taifa ndiyo iliyofungwa zaidi. Argentina walitaka kuistaafisha 10 ya Maradona kabla ya Kombe la Dunia la 2002, wakapeleka orodha isiyo na 10. FIFA ikaikataa, ikataka namba zifuatane, na Ariel Ortega akaivaa. Kwenye Kombe la Dunia kikosi kinapewa namba mfululizo kuanzia 1, siku hizi hadi 26, na 1 lazima iwe ya kipa. Kwa hiyo hata nchi nzima ikikubaliana, kutoka Matadi hadi Kasumbalesa, siku timu yetu ikicheza Kombe la Dunia kutakuwa na mtu mwenye 13 mgongoni, na kutakuwa na kipa mwenye 1. Anayetaka namba ya taifa ipumzishwe anadai kisichowezekana. Mjadala wenye maana ni wa klabu.

Sasa fainali. Hili ndilo lililomchukua kila mtu pale kwa fundi, na ndilo nililobadilisha mawazo yangu kulihusu nilipokaa na kuzipitia moja baada ya nyingine.

Chukua 1967, taji la kwanza la Afrika la Mazembe, wakati klabu ikiitwa Englebert. Kumasi, Asante Kotoko 1-1. Kinshasa, 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likaja kwetu. Ukitaka kumpa mtu namba kwa sababu ya fainali ile, utampa nani? Mechi iliyoamua haikuchezwa.

Chukua 2009, usiku ambao mji huu ulikuwa umeusubiri kwa miaka arobaini na mmoja, tangu lile taji la pili la 1968. Heartland ya Nigeria walitufunga 2-1 kwao Owerri. Hapa Lubumbashi tulihitaji bao moja tu, kwa kuwa jumla ikiwa sare, bao tulilofunga ugenini lingetubeba. Bao likaja, na lilikuwa la kujifunga la beki wao. Kombe likainuliwa, watu wakalala barabarani kwa furaha, na aliyetia mpira wavuni alikuwa amevaa jezi ya wapinzani.

Halafu 2010. Espérance ya Tunis walipigwa 5-0 hapa nyumbani, marudiano yakawa 1-1, taji likabaki. Desemba tukaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Pachuca wa Mexico wakafungwa 1-0, Internacional mabingwa wa Amerika Kusini wakafungwa 2-0, na kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini ikaingia fainali. Ni kilele cha klabu hii mpaka leo. Na Mputu hakuwepo. Mchezaji bora wa mwaka 2009 kati ya wanaocheza barani Afrika, mwenye 8 ambayo kila mtoto wa Katuba na Kenya, mitaa ya mji huu, aliitaka, alikuwa akitumikia adhabu ya FIFA ya mwaka mmoja.

Kijana aliyekuwa akiitetea 8 pale kwa fundi alinyamaza nilipomkumbusha hilo. Sikufurahia kumnyamazisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mapenzi yake kwa Mputu hayakutoka kwenye fainali. Yalitoka kwenye mamia ya Jumapili za kawaida, mpira ukifika mguuni mwa mtu yule na uwanja mzima ukisimama kabla hajafanya kitu. Fainali ni ushahidi dhaifu wa thamani ya mtu. Inachezwa dakika tisini, na katika tisini hizo beki anaweza kujifunga, mgeni anaweza asitokee, mchezaji stadi wa timu anaweza kuwa amefungiwa. Namba huwa ya mtu kwa mazoea ya macho: ukiiona unamwona yeye, hata ikivaliwa na mwingine.

Kwa kipimo hicho Kidiaba hana mpinzani hapa. Alikuwa golini 2009, alikuwa golini Abu Dhabi, na mwaka 2015, USM Alger walipofungwa nyumbani na ugenini na Mbwana Samatta akamaliza miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, bado alikuwa kikosini. Lakini ulizeni watu wanakumbuka nini. Wanamkumbuka na nywele zake zilizosukwa, ameketi kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele, anaruka kwa makalio kuzunguka eneo lake kila timu ilipofunga. Mtoto wa miaka minne aliweza kuigiza. Bibi yangu aliweza kuitambua 1 ile bila kujua kusoma.

Usiku wa fainali ya Abu Dhabi, tarehe 18 Desemba 2010, kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukuliona kwa uchungu wa zile 3-0 tulizofungwa na Inter Milan ya Italia. Upande wa Inter hapakuwa na namba 3. Klabu iliipumzisha mwaka 2006 baada ya kifo cha Giacinto Facchetti, beki wao wa miaka mingi, na Nicolás Burdisso aliyekuwa nayo akahamia namba nyingine. Namba 4 ilikuwepo, mgongoni mwa nahodha Javier Zanetti. Mwaka 2014 nayo ikapumzishwa, mwenyewe akiwa hai na mzima. Kwa hiyo kikosi kilekile kilichotufunga kinabeba aina zote mbili za jambo hili, ya msiba na ya shukrani, na mimi naona si sawa kuzipima kwa mizani moja.

Ya msiba inaeleweka bila maelezo. Marc-Vivien Foé alianguka tarehe 26 Juni 2003, uwanja wa Gerland mjini Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon wakicheza na Colombia. Alikuwa na miaka 28. Siku tatu baadaye fainali ikachezwa hivyohivyo, manahodha wakashika picha yake kubwa kabla ya mpira kuanza, Ufaransa wakashinda 1-0. Hakuna anayebishana kuhusu fainali ile. Manchester City wakaipumzisha 23 yake, Lens 17, na Lyon vilevile 17.

Ya shukrani ndiyo yenye ubishi. Milan wameiweka 6 ya Franco Baresi, West Ham 6 ya Bobby Moore, Ajax 14 ya Johan Cruyff, wengi wanakubali. Birmingham City waliipumzisha 22 ya Jude Bellingham mwaka 2020, kijana wa miaka 17 aliyewachezea msimu mmoja kabla ya kuuzwa Dortmund, na hapo wengi walikataa. Mimi pia nakataa. Msimu mmoja hautoshi macho kuzoea. (Bayern Munich na klabu nyingine zimewaachia mashabiki namba 12. Ni desturi nzuri, haimnyimi mtu kitu.)

Swali la mzee wa Lupopo halikuniacha: mbona mnamzikia namba mtu aliye hai? Linanigusa kwa sababu tumewahi kulifanya hilo, na kubaya zaidi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama dakika moja ya ukimya kumkumbuka Ndaye Mulamba, aliyesemekana amekufa mgodini Angola. Ndaye alikuwa hai, Afrika Kusini, maskini, mbali na kila aliyewahi kumshangilia. Alifariki mwaka 2019. Ukimya ule ulikuwa wa heshima kabisa, na haukumfikia. Tangu nilipoijua habari hiyo naogopa heshima inayotolewa kwa kufunga kabati na kwenda zetu.

Huku kwetu mtu mkubwa hatulifungii jina lake. Mtoto anapozaliwa anapewa jina la babu, la shangazi, la rafiki aliyetangulia. Kuanzia siku hiyo wana somo, na mtoto akiitwa uani nyumba nzima inamsikia mwenye jina. Wapo mama wanaomwita mtoto mchanga "papa" kwa sababu amebeba jina la baba yao. Jina lisilopewa mtoto ndilo linalokufa. Ndiyo maana kustaafisha namba milele kunanikaa vibaya, ingawa naelewa wanaofanya hivyo wanatoa walicho nacho.

Wenye msimamo wa kocha yule wana hoja nzito, na haifai kuirukia. Namba kubwa inaweza kumvunja kijana. Barcelona walimpa Ansu Fati 10 ya Messi mwaka 2021, akiwa na miaka 18, ametoka kuuguza goti. Majeraha yakaendelea, na kila alipokosa mpira watu hawakumwona Ansu, waliona kwamba si Messi. Kwa mtoto kama huyo kabati lililofungwa lingekuwa huruma.

Lakini hata kwenye kilio hatukai milele. Matanga yanawekwa, watu wanalala chini, moto unawashwa nje. Halafu siku inafika wazee wanaondoa matanga, mjane anavua nguo za msiba, na mambo ya urithi yanazungumzwa. Nadhani namba ingefaa kutendewa hivyo. Ikae matanga yake, miaka mitano, kumi, kadiri uchungu ulivyo. Kisha atafutwe wa kuibeba, na anayetafutwa awe na undugu na aliyeiacha: wa damu, wa mji, wa klabu. Milan waliipumzisha 3 ya Paolo Maldini kwa sharti kwamba mwanawe akifika kikosi cha kwanza anaweza kuiomba. Daniel alifika, akavaa 27. Mlango ulibaki wazi, na hiyo inatosha. Sevilla, baada ya kuzuiwa na kanuni, waliikabidhi 16 ya Puerta kwa Jesús Navas aliporudi nyumbani mwaka 2017, mtu aliyekua naye klabuni. Na Lyon, walioipumzisha 17 ya Foé mwaka 2003, walimpa Jean Makoun mwaka 2008. Mcameroon, kiungo kama yeye. Miaka mitano ya matanga, kisha somo.

Nilirudi kwa fundi Jumatatu kuchukua shati langu. Jezi za watoto zilikuwa zimekunjwa tayari, 2 hadi 16, na nahodha alikuwa akizihesabu. Nikamweleza fundi habari ya Lyon, naye akasikiliza bila kusema kitu. Kisha akachukua kitambaa cheupe akakata 1. Ni namba rahisi kuliko zote, mkato mmoja ulionyooka na kiguu kidogo juu. Hakuigusa kwa pasi. Aliikunja, akaitia katikati ya daftari la yule mtoto.

"Mpelekee kocha," akasema. "Siku akiona imetosha, aje naye huyo kipa mwenyewe, nitaibandika bure."